Mbolea ya Kuku wa Mama Elisabeth

Evodie alikuwa na bustani ya mboga kando ya mto Lubuye, hapa Kalemie. Kila asubuhi aliteremka huko wakati jua linatoka ziwani. Alijaza maji katika bidoni, dumu la manjano lililotobolewa matundu upande wa juu. Akamwagilia tuta moja, kisha jingine, kisha jingine. Alilima mchicha uitwao lengalenga, kabichi ziitwazo shu, na tomati. Akishamaliza kumwagilia, alikata mboga, akazifunga mafungu, akaenda sokoni na beseni kichwani.

Bustani hiyo ndiyo iliyolisha nyumba yote. Mume wake, Hippolyte, alikuwa mpakiaji wa mizigo bandarini. Siku moja gunia lilimwangukia mgongoni. Tangu hapo alitembea na fimbo, na hakuweza kubeba kitu kizito. Walikuwa na binti mmoja, Carine, aliyesoma mwaka wa sita.

Micheline, dada mkubwa wa Hippolyte, aliishi nao pia. Yeye alikimbia vita upande wa Nyunzu. Njiani alizika watoto wake wawili. Tangu siku zile hakuamini tena kwamba jambo baya linaweza kuja lenyewe. Aliona kwamba kila baya lina mtu aliyelituma.

Kwa miaka mitatu ile ardhi ilizaa vizuri. Mwaka wa nne ilichoka. Lengalenga zilibaki fupi, na majani yake yakawa ya manjano. Shu hazikufunga. Evodie aliushika udongo mkononi. Ulimwagika kati ya vidole kama majivu.

Nyumba ya pili kutoka kwao ilikuwa ya Mama Elisabeth. Alitoka Zongwe zamani, akaolewa Kalemie. Sasa alikuwa mjane, tena hakujaliwa mtoto. Alifuga kuku themanini wa mayai katika banda la mbao na waya. Chini ya kuku alitandaza maranda, yale maganda membamba ya mbao ambayo maseremala huyatupa. Kuku walinya juu ya maranda hayo. Yakijaa, Elisabeth aliyaondoa na kutandaza mapya.

Mwezi wa sita, kiangazi kilipoanza, Elisabeth alikuwa anasafisha banda. Evodie akapita.

"Mama Evodie," Elisabeth akamwita. "Nasikia bulongo yako imechoka."

"Imechoka, mama. Hata mimi nimechoka."

"Basi chukua hii. Kule Pepa bantu banaweka mavi ya ngombe katika mashamba yabo. Nazani ya kuku nayo iko na nguvu. Miaka yote mimi natupa tu nyuma ya banda."

"Nikupe nini, mama?"

"Usinipe kitu. Sisi ni majirani."

Evodie na Carine wakabeba magunia saba. Moja likabaki ukutani bustanini. Sita wakayamwaga siku ileile. Evodie alifikiri kwamba nyingi ni bora kuliko kidogo. Alizunguka kila mti wa tomati, akaweka mavi na maranda mpaka yakagusa shina. Tomati zilikuwa zimeanza kutoa maua. Kwenye shu aliweka vilevile. Halafu akamwagilia maji, akarudi nyumbani akiwa na furaha.

Siku ya tatu, ncha za majani zilikuwa kavu, kama zimepitishwa kwenye moto. Siku ya tano, maua ya tomati yalianguka. Siku ya nane, bustani yote ilikuwa imekufa. Miti ya tomati ilisimama kahawia, imeinama. Evodie alipiga magoti kati ya matuta. Hakulia kwa sauti. Alishika shina moja, likavunjika mkononi mwake.

Nyumbani walikula ugali na chumvi. Micheline akamgeukia Evodie.

"Alikupa bure?"

"Bure."

"Hakukuomba hata kitu kidogo?"

"Hapana."

"Evodie, nani anatoa bure katika mji huu? Mwanamuke bila bwana, bila mutoto. Anaona wewe uko na bwana, uko na mutoto, uko na bustani. Roho inamuuma. Ameweka kitu ndani ya ile mavi."

"Micheline, wacha hayo maneno," akasema Hippolyte. "Muntu asiitwe mulozi, asiitwe muchawi, juu ya tomati."

"Mimi nimeona mengi kukupita," akajibu Micheline.

Evodie alikusanya sahani, akaenda kuziosha. Lakini kesho yake, kwenye bomba la maji, wanawake walimuuliza mbona hakupeleka mboga sokoni. Moyo wake ulikuwa umejaa. Akajibu, "Mama Elisabeth alinipa kitu cha kuweka bustanini. Vyote vimekufa." Halafu akaongeza, "Sijui aliweka nini ndani."

Hayo tu. Alijaza ndoo yake, akaenda. Lakini neno lilibaki pale bombani, na kila mwanamke alilibeba pamoja na maji yake.

Wiki ile ile, watu waliacha kununua mayai ya Mama Elisabeth. Wazazi waliwakataza watoto kupita mbele ya mlango wake. Jumapili, kanisani, alikaa peke yake katika benchi zima. Alhamisi mchana alirudi kutoka sokoni, akakuta ukuta wa waya wa banda umevunjwa. Kuku kumi na wawili walikuwa wamekufa, wamepigwa kwa fimbo. Majirani walikuwa nyumbani. Hakuna aliyesema ameona.

Siku iliyofuata, Elisabeth alikuja kwa Evodie. Hakukubali kiti. Alisimama uani, mikono imeshika ncha ya kitenge chake.

"Mama Evodie, nakuja kukuuliza neno moja. Ni wewe njo ulisema?"

Evodie aliangalia chini.

"Nilisema tu kwamba mboga zimekufa."

"Ulitaja jina yangu?"

"Nilitaja."

"Ulisema niliweka kitu?"

Evodie aliitika kwa kichwa. Elisabeth akasema polepole:

"Nilikupa juu ya vile niliona unateseka. Sasa nitauza kuku wenye wamebaki. Nitarudi Zongwe kwa ndugu zangu, kama bado bananijua. Hapa siwezi tena kuishi."

Akaondoka. Micheline alikuwa mlangoni. Alimsindikiza kwa macho.

Hippolyte alikuwa amesikia yote kutoka ndani. Alitoka na fimbo yake.

"Evodie, unaamini yule mama ni mulozi?"

"Siamini."

"Basi juu ya nini ulisema?"

"Juu niliumia. Nilitafuta muntu wa kubeba maumivu yangu."

Hippolyte akaangalia upande wa banda la Elisabeth. Kisha akasema, "Banaweza kumuua. Umesikia kuku wake? Leo ni kuku." Akateremka mpaka bustanini, hatua kwa hatua, kwa sababu ya mgongo. Aling'oa mti mmoja wa tomati pamoja na mizizi yake. Akaufunga katika gazeti. Akaenda nao mpaka ofisi iitwayo biro ya kilimo, kwa agronomu, bwana shamba aliyeitwa Kalenga.

Kalenga aliangalia mizizi. Aliikwaruza kwa ukucha. Ilikuwa kahawia na laini.

"Mulitia nini?" akauliza.

"Mavi ya kuku na maranda."

"Ilikaa siku ngapi kabla ya kutia?"

"Ilitoka bandani asubuhi. Tukaitia jioni."

Kalenga akachukua kofia yake. "Twende, papa. Nataka kuona."

Njiani Hippolyte alimweleza habari ya Mama Elisabeth. Bustanini, Kalenga hakwenda kwenye matuta. Alikwenda kwenye gunia la saba, lile lililobaki ukutani. Akawaita Evodie na Micheline, waliokuwa wamewafuata kutoka nyumbani.

"Mama, fungua. Usiinamie, itakuchoma macho."

Evodie alifungua. Harufu kali ilipanda. Macho yake yakatoa machozi, na Micheline akakohoa.

"Sasa ingiza mukono ndani, katikati."

Evodie aliingiza mkono. Akautoa haraka.

"Iko moto!" akasema. "Kama chungu jikoni!"

"Nani amewasha moto humo?"

"Hakuna muntu."

"Njo hivyo," akasema Kalenga. "Mavi ya kuku iko na nguvu sana, kupita ya ngombe, kupita ya mbuzi. Ikiwa mbichi, inaoza. Ikioza, inatoa joto, tena inatoa hii harufu yenye inachoma macho. Kama inachoma macho yako, itafanya nini kwa muzizi mudogo wa tomati? Ulimwagilia maji, ukali ukashuka chini, ukaunguza mizizi. Hakuna muntu aliyetuma kitu. Ni chakula kizuri ambacho hakijaiva."

Micheline akatikisa kichwa. "Papa agronomu, wewe ni muntu wa masomo. Kuna mambo masomo hayajui."

"Labda, mama. Lakini jambo hili nalijua. Tena sitaki uniamini kwa maneno. Yule mama anatupa wapi mavi ya zamani?"

"Nyuma ya banda lake," akajibu Evodie kwa sauti ndogo.

"Twende huko."

Elisabeth alikuwa anafunga vyombo katika mfuko. Alipowaona wote wanne, alisimama kwa hofu. Kalenga alivua kofia.

"Mama, samahani. Ruhusu tuone nyuma ya banda."

Elisabeth aliwaonyesha njia kwa mkono tu. Nyuma ya banda kulikuwa na chungu, lundo kubwa la mavi ya mwaka uliopita. Maranda hayakuonekana tena. Kila kitu kilikuwa kimegeuka udongo mweusi. Juu yake liliota boga ambalo hakuna mtu aliyelipanda. Majani yake yalikuwa mapana kuliko sinia. Pembeni yake lengalenga zilifika kiunoni, za kijani kizito.

Kalenga alichota udongo ule, akampa Micheline mkononi.

"Nusa, mama."

Micheline alinusa. "Inanuka kama bulongo ya pori mvua ikishanyesha."

"Iko moto?"

"Hapana. Iko baridi."

"Kuku ni wale wale. Banda ni lile lile. Mama ni yule yule. Hii imekaa mwaka muzima, ile ilikaa siku moja. Hakuna tofauti ingine."

Micheline aliendelea kushika ule udongo. Akaangalia banda lililovunjwa, akaangalia manyoya yaliyotawanyika chini. Kisha akaumwaga udongo polepole, akaondoka peke yake.

Evodie alimgeukia Elisabeth. Akapiga magoti.

"Mama, nilikukosea. Nakuomba unisamehe."

"Simama," akasema Elisabeth. "Ulinisingizia hapa? Hukunisingizia hapa. Ulinisingizia bombani, mbele ya bantu."

Asubuhi iliyofuata Evodie alikwenda bombani bila ndoo. Wanawake walikuwa kwenye mstari. Alisimama mbele yao. Akasema kwa sauti, wote wasikie:

"Mama zangu, munisikilize. Mimi njo nilileta neno mubaya hapa. Mama Elisabeth hakuweka kitu. Alinipa mbolea, mimi sikujua kuitumia. Niliitia mbichi, ikaunguza mizizi. Makosa ni yangu. Kuku wake wamekufa juu ya mudomo wangu. Kama muntu anataka kujua kweli, akuje bustanini kwangu, nitamuonyesha."

Wengine waliinamisha kichwa. Mmoja akacheka. Evodie alisimama pale mpaka mstari ukaisha, akairudia habari ile kwa kila aliyefika.

Elisabeth alipewa habari. Jioni alimwambia Evodie, "Nimesikia ulichofanya. Moyo wangu bado unauma. Sitakudanganya." Kisha akauliza, "Papa Kalenga anasema hiyo mbolea inaiva kwa muda gani?"

"Karibu miezi mitatu, tukiifanyia kazi."

"Basi nitangoja niione ikiiva. Kisha nitajua kama nakwenda au nabaki."

Jumamosi Kalenga alikuja kuwafundisha. Kwanza aliwaambia wakwangue mavi yote yaliyobaki juu ya matuta na kumwagilia udongo maji mengi, kisha waupumzishe. Halafu akachagua mahali pa kuivisha mbolea. Palikuwa juu kidogo, penye kivuli, mbali na mto.

"Mvua au maji yakipita ndani ya mavi yakaingia mtoni, bantu wa chini watakunywa magonjwa," akasema. "Mavi mbichi ya kuku iko na vijidudu vya kuhara. Mufunge kitambaa puani. Mukimaliza, munawe mikono na sabuni."

Wakatandaza vijiti chini ili hewa ipite. Juu yake wakaweka majani makavu, vikapu viwili. Wakafuata na kikapu kimoja cha mavi na maranda. Wakanyunyiza maji. Kisha tena majani, tena mavi, tena maji, mpaka chungu likafika kifuani.

"Maji kiasi gani?" akauliza Elisabeth.

Kalenga alichota mkono mmoja wa mchanganyiko ule, akakamua kwa nguvu. Matone mawili yakaanguka.

"Hivi. Kama kitambaa chenye umekamua. Maji yakitiririka, ni mengi, itaoza vibaya. Ikiwa kavu kabisa, haitaiva."

Wakafunika kwa majani ya ndizi. Kalenga akachomeka fimbo ndefu mpaka katikati.

"Fimbo hii njo itawaambia habari. Siku tatu zikipita, muitoe, muishike. Ikiwa moto sana, kazi inaenda. Joto lile linaua vijidudu na mbegu za majani mabaya. Kila wiki, kwa mwezi wa kwanza, mugeuze chungu: ya nje iingie ndani, ya ndani itoke nje. Kisha mugeuze kila wiki mbili."

Siku ya tatu Hippolyte alitoa fimbo. Ilikuwa moto, hakuweza kuishika kwa muda. Alimpa Elisabeth, naye akaiachia haraka. Kwa mara ya kwanza tangu siku zile, Elisabeth alitabasamu kidogo.

Wiki zilipita. Maisha yalikuwa magumu. Evodie alifua nguo za watu ili nyumba ipate kula. Kila Jumamosi, kisha kila Jumamosi ya pili, yeye na Elisabeth waligeuza chungu. Mwanzoni hawakuzungumza. Baadaye walizungumza habari ya kazi tu. Siku moja Elisabeth alimsimulia habari ya mume wake, namna alivyolijenga lile banda msumari kwa msumari. Evodie alisikiliza mpaka mwisho. Hippolyte, kwa mgongo ule mbaya, alikaa chini siku mbili akashona tena waya uliovunjwa.

Mwezi wa tisa, fimbo ilitoka baridi. Waligeuza chungu, wakangoja, fimbo ikabaki baridi. Harufu kali ilikuwa imekwisha. Mbolea ilikuwa nyeusi, inavunjika vizuri mkononi. Kalenga alikuja kuiona.

"Imeiva," akasema. "Sasa musirudie kosa la kwanza. Nyingi si bora. Kwa kila shimo la tomati, viganja viwili. Muchanganye na bulongo, mungoje wiki moja, kisha mupande. Isiguse shina. Na mukivuna, muoshe mboga kwa maji safi, zaidi zile za kula bila kupika."

"Na mavi mbichi?" akauliza Evodie. "Siwezi kuitia hata kidogo?"

"Kwenye mboga, hapana. Ivishe kwanza."

Evodie alijaribu kwanza tuta moja tu. Aliogopa. Kila asubuhi aliinama kuangalia ncha za majani. Siku ya tatu zilikuwa za kijani. Siku ya nane zilikuwa za kijani zaidi. Ndipo akapanda matuta yote.

Lengalenga ndizo zilizotangulia. Zilivunwa kabla ya mwezi kwisha, pana na laini. Shu zilifunga, nzito kama mawe. Tomati zilizaa mpaka Hippolyte akalazimika kuongeza miti ya kuzishikilia. Udongo nao ulibadilika. Ulishika maji, na Evodie hakuhitaji tena kumwagilia mara mbili kwa siku.

Wanawake wa bombani walianza kuteremka bustanini. Wa kwanza alikuwa yule aliyecheka. Alisimama mbele ya shu kwa muda mrefu, kisha akauliza kama Mama Elisabeth bado anauza mayai. Si kwamba wote walirudi. Mpaka leo kuna nyumba zisizonunua mayai yake, na waliopiga kuku hawajajitaja. Neno likishatoka halirudi lote. Lakini Elisabeth alifungua ule mfuko aliokuwa ameufunga, akarudisha vyombo mahali pake. Mwezi wa kumi na moja alinunua vifaranga thelathini.

Mwezi wa kumi na mbili, banda lilisafishwa tena. Evodie na Elisabeth walitandaza vijiti kwa ajili ya chungu la pili. Carine alileta majani makavu. Walipokuwa wanaweka kikapu cha tatu, Micheline aliteremka njiani. Alikuwa amefunga kitambaa puani, na jembe lilikuwa begani. Hakusalimia. Tangu siku ya lile boga hakuwahi kumwambia Elisabeth hata neno moja.

Alisimama upande wa pili wa chungu, akaanza kuchanganya. Walifanya kazi wote wanne. Jasho lilimtoka. Mara akasimama, mikono juu ya mpini wa jembe.

"Watoto wangu bawili," akasema, bila kuinua macho. "Nilitaka sana iwe kosa la muntu."

Elisabeth alichota mkono mmoja wa mbolea mbele ya Micheline, akaukamua. Hakuna tone lililoanguka.

"Iko kavu upande wako, Mama Micheline," akasema. "Niletee maji."

Micheline akachukua bidoni, akaenda kuteka.